Ijumaa Iliyofutwa

Serikali ya Denmark ilipotangaza kwamba itaifuta Siku Kuu ya Maombi, Vibeke Overgaard alikuwa jikoni kwake akijichua bega. Redio ilikuwa imewashwa. Waziri alieleza kwamba Ulaya ina vita, kwamba jeshi linahitaji fedha, na kwamba kila mtu akifanya kazi siku moja zaidi kwa mwaka, pengo litazibika. Aliongea polepole, kama daktari anayempa mgonjwa habari zisizomhusu yeye mwenyewe. Vibeke alifunga kichupa cha dawa, akavuta sweta lake, akasema peke yake, "Haya. Wametufikia."

Alikuwa mjane wa miaka sitini, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa ameitumia katika machinjio ya nguruwe ya mji wao, mji mdogo wa kaskazini mwa rasi ya Jutland ambako harufu ya machinjio hukupokea kabla hujauona mnara wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kutoa mifupa kwenye mapaja. Paja linakuja juu ya mkanda wa mashine, unalikamata kwa mkono wenye glovu ya chuma, kisu kinazunguka mfupa, mfupa unatoka, paja linakwenda zake, na jingine limeshafika. Wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwakilishi wao mara nyingi mno, hata wageni wakadhani ni cheo alichozaliwa nacho. Kanisani nako alikuwa mzee wa usharika. Akiulizwa sababu, alisema kanisa lina viti, na kwa saa nzima hakuna anayekuja kukulalamikia.

Kwa watu wengi wa mji ule Siku Kuu ya Maombi haikuwa na maombi mengi. Ilikuwa ni Ijumaa moja, majani yanapoanza kuchipua, ambayo mkanda husimama. Alhamisi jioni watu hupanga foleni kwa mwoka mikate kununua skonsi za iliki, wakazichoma kidogo, wakazipaka siagi, wakazila moto moto na watoto, na kesho yake hakuna anayeamka mapema. Wengine huenda kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Wengi hulala tu. Mama yake Vibeke, aliyekuwa mfagizi katika machinjio yale yale, alipenda kusema kwamba ni siku pekee ambayo mfalme wa zamani aliwakumbuka watu kama wao. Ukubwani Vibeke aliambiwa na mchungaji kwamba mfalme hakumkumbuka mtu. Kulikuwa na siku nyingi za kufunga na kuomba, akazikusanya zikawa moja ili watu wapate kufanya kazi zaidi. Vibeke alicheka mpaka akashika meza. Lakini siku aliendelea kuipenda.

Chama cha wafanyakazi kilikodi mabasi kwenda Kopenhagen kupinga, naye akaenda. Ilikuwa Februari, baridi inapenya kwenye soli. Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa Danuta, Mpolandi wa miaka arobaini hivi anayepanga nyama kwenye masanduku, mwanamke asiyekosa misa katika kanisa dogo la Wakatoliki la mji wa jirani.

"Mama, niambie kitu," Danuta alisema walipokuwa wamekwishalivuka daraja refu la baharini. "Mwaka mzima nyinyi kanisani hamwonekani. Leo mnapanda basi kwenda kuililia siku ya maombi?"

"Hatulilii maombi."

"Mnalilia nini?"

Vibeke alifikiri kidogo. "Usingizi."

"Basi andikeni hivyo kwenye mabango," Danuta alisema, akajifunika koti usoni alale. "Hata Mungu angeelewa."

Walisimama mbele ya bunge, wengi kuliko Vibeke alivyowahi kuona mahali pamoja, wakasikiliza hotuba, wakaimba, wakarudi nyumbani miguu imekufa ganzi. Kabla mwezi haujaisha sheria ikapita. Kati ya waliobonyeza kitufe cha ndiyo alikuwamo Preben Toft, mbunge wa kwao, ambaye zamani alikata mabega ya nguruwe kwenye mkanda mmoja na Vibeke. Karsten, mume wa Vibeke, alipofariki, Preben alishika jeneza upande wa mbele. Kila uchaguzi Vibeke ndiye aliyepanda ngazi kumtundikia picha zake kwenye nguzo za taa. Aliposikia alivyopiga kura hakumpigia simu, wala hakumtukana mbele za watu. Aliacha tu kwenda kwenye mikutano ya chama chao cha siasa, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba bega linamsumbua, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mwaka ukapita, ikakaribia Ijumaa ya kwanza isiyokuwa sikukuu. Katika kikao cha wazee wa usharika, Mchungaji Sidsel Amby, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alisema hakuna sheria inayomkataza kufanya ibada siku hiyo. Tatizo ni saa, maana watu watakuwa kazini.

"Zamu inaanza saa kumi na mbili," alisema Vibeke. "Fanya saa kumi na moja alfajiri."

Henning, mzee mwenye shamba kubwa la nguruwe, alikohoa. "Hapo tunaingia kwenye siasa, Vibeke. Kanisa si tawi la chama cha wafanyakazi."

"Siasa imeingia yenyewe, Henning. Mimi naomba mlango ufunguliwe na taa ziwashwe."

"Na wakija waandishi wa habari?"

"Wakae. Viti vipo."

Wakakubaliana. Lakini huko kazini vijana walikuwa na mpango mwingine. Waliunong'ona kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, na Vibeke akipita wananyamaza, wanaanza kuongelea mpira. Alijifanya hamnazo. Alijua wanataka kuweka visu chini Ijumaa hiyo, na alijua kwa nini hawamwambii. Mkataba wa kazi ulikataza mgomo muda wote unaodumu, na mwakilishi ndiye anayepaswa kusimama mbele ya waliogoma na kuwataka warudi kazini. Asiposema, anakuwa amevunja mkataba yeye pamoja na chama chake. Kwa kutomjulisha mapema, waliona wanamfadhili.

Alhamisi alasiri Preben akaja. Alikuwa amenenepa, na mkononi alibeba mfuko wa skonsi za iliki.

"Ingia, mheshimiwa," Vibeke alisema. "Vua viatu."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Umependeza. Bunge linalisha."

Akaketi pale alipozoea kuketi, mgongo kwa dirisha. Vibeke alichoma skonsi, akaleta siagi, akamimina kahawa. Walikula kama watu waliokuja msibani.

"Bado una hasira na mimi," Preben alisema.

"Hasira inataka nguvu. Nikitoka kazini sina."

"Unadhani mimi sikuumia? Nilikaa kwenye kile kiti nikakuwaza wewe."

"Ungenipigia simu kabla hujabonyeza. Kunihurumia ukiwa umekaa huko hakukukutoa jasho."

Preben akasogeza kikombe. "Kuna vita, Vibeke. Si hadithi. Miji inapigwa mabomu, watu kama sisi wanalala kwenye mahandaki."

"Kazini kwetu wako vijana wawili wa kutoka huko. Mmoja kaka yake hajulikani alipo. Angekuja kuniomba Ijumaa kwa ajili ya kaka yake ningempa, na Jumamosi juu. Tungetoa, Preben. Ukumbi mzima wa mkanda ungetoa. Lakini hamkuja kuomba. Mlichukua."

"Serikali haiombi. Inatunga sheria."

"Kwetu inatunga sheria. Kwa wenye mabenki inapika kahawa."

"Hapo unatia chumvi."

"Inawezekana. Wewe ulikuwa ndani, mimi nilikuwa nje kwenye baridi. Nieleze, wao walipewa kubeba nini? Yule mwenye nyumba ya pili ufukweni na ya tatu Hispania, amepoteza siku gani? Siku zake zote ni zake."

Preben alikuwa na majibu, Vibeke aliyaona yakipita usoni mwake, majibu mazuri yenye takwimu. Pengine hata yeye hakuwa na hamu ya kuyasikia. Mwishowe akasema, "Lakini mnalipwa siku hiyo. Hilo lazima ulikubali."

"Nalikubali. Sitaki kulipwa, nataka bega lipumzike. Ungekuwa mtu mwingine nisingekulaumu kwa kutojua. Wewe ulisimama pale. Ulikuwa unarudi nyumbani unashindwa kumbeba mtoto wako."

Akainamisha kichwa. Vibeke akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamchosha zaidi kuliko ugomvi. Alimjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa kwa miaka kwenye vyumba ambavyo ndani yake kila jambo lina sababu, mpaka sababu zikamtosha.

Kampeni za bunge la Ulaya zilikuwa zinakaribia, na Preben akauliza kama angeweza kumsaidia kidogo mgombea wao. Vibeke akasema hapana, akamwongezea kahawa. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, Preben akasema bila kuinua uso, "Nimesikia vijana wanataka kugoma kesho. Unajua utakachotakiwa kufanya."

"Najua. Mimi na wewe ndio tulikuwa tunawafundisha wawakilishi wengine."

"Naweza kuja kanisani asubuhi?"

"Kanisa si langu."

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu juu ya mashamba. Vibeke alifika kwa baiskeli, akawasha taa, akafungua milango yote miwili kana kwamba watu wangesukumana. Alikuwa amejiambia asitegemee umati. Hata hivyo aliutegemea kidogo, akiyakumbuka yale mabasi. Wakaja wachache: wazee waliozoea kuja, muuguzi akiwa njiani kutoka zamu, Danuta na Wapolandi wawili ambao walipiga ishara ya msalaba na kuangalia huku na huku kama wameingia nyumba ya watu. Henning naye akaja, akaketi mbele kabisa, amekunja mikono. Vijana wa machinjio hawakuja hata mmoja. Preben aliingia nyimbo zimeshaanza, akakaa nyuma karibu na mlango.

Sidsel alihubiri kwa kifupi. Alisema Mungu hapungukiwi na kitu watu wakifanya kazi Ijumaa, wala hahitaji siku. Anayehitaji siku ni mtumishi, na punda wake, na mgeni anayekaa naye, na ndiyo maana waliwekewa pumziko kama sheria, lisiachwe kwenye hisani ya mwenye shamba. Henning alitazama dari. Vibeke alisikia maneno hayo yakimwingia kama maji ya moto kwenye vidole vilivyoganda, na papo hapo akaona aibu, maana baada ya muda mfupi atakuwa akilipokea paja la kwanza.

Kisha yakaja maombi ya kawaida, ya Jumapili zote: kwa mfalme na jamaa yake, kwa serikali, kwa wote wenye madaraka, wapewe hekima. Vibeke alikuwa ameitikia maneno hayo tangu utoto bila kuyasikia. Safari hii aliyasikia. Nyuma yake Preben aliitikia amina kwa sauti iliyokwaruza. Vibeke alitafuta amina yake, akaikosa. Hakuwa amegoma, ilikuwa tu haipo, kama mtu anayetia mkono mfukoni akaona funguo zimesahaulika nyumbani. Akasimama kimya mpaka wenzake walipoketi, naye akaketi.

Mlangoni Preben alinyoosha mkono. Vibeke akaupokea.

Zamu ilianza kama siku zote. Hazikupita saa nyingi, mwishoni mwa mapumziko ya kwanza, kengele ikalia kuwarudisha ukumbini na vijana hawakunyanyuka. Walibaki kwenye viti vya kantini, kofia nyeupe mezani. Mkanda ukazunguka mtupu. Msimamizi alikuja mbio kwa Vibeke, uso mwekundu, lakini akaongea kwa adabu. "Vibeke, samahani. Unajua lazima."

"Najua lazima. Niache nimalize chai."

Akamaliza chai. Akasimama kando ya meza yao. Mbele alikuwa Mikkel Bruun, kijana mrefu ambaye baba yake naye Vibeke alimwakilisha, na ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kuvimba kwenye viungo.

"Kwa mujibu wa mkataba wetu," Vibeke alisema, "nawataka mrudi kazini mara moja. Mgomo huu haukubaliki. Mkiendelea, jambo litakwenda mahakama ya kazi na mtatozwa faini. Chama hakiko nyuma yenu katika hili."

Friji ya vinywaji ilikuwa ikiunguruma.

"Mama umetoka kumwomba Mungu alfajiri," Mikkel alisema taratibu, "sasa umekuja kutuamrisha tukafanye kazi siku yake."

"Ndiyo."

"Hujisikii vibaya?"

"Najisikia vibaya."

"Basi kaa hapa na sisi. Sogea, Jonas, mpishe mama."

Jonas akasogea kweli. Kiti kikawa wazi, na Vibeke alikitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu kwa muda mrefu. Angekaa, nani angemlaumu? Lakini mkataba ule aliwahi kuuombea kura mwenyewe, katika ukumbi uo huo, akiwaambia watu kwamba saini yao ikiwa na maana, ya mwajiri nayo itakuwa na maana. Kutokana na saini hiyo walipata viti vya kupumzikia, na mishahara ya ugonjwa, na Wapolandi wakapata malipo sawa na wengine. Bunge lilikuwa limevunja kitu ambacho hakuna aliyekiandika kwenye mkataba. Yeye asingevunja kilichoandikwa.

"Nimesema ninachotakiwa kusema," akawaambia.

"Na wewe mwenyewe unasemaje? Si mwakilishi. Wewe Vibeke."

"Mimi nimechoka, Mikkel."

Alivaa kofia yake, akaenda ukumbini, akasimama mahali pake kwenye mkanda, kwa sababu hakuweza kumwambia mtu arudi kazini kisha yeye abaki kantini. Danuta alimfuata na Wapolandi wawili. Wale vijana wawili ambao nchi yao ilikuwa vitani nao wakaja, mmoja akilia au pengine ni baridi. Mapaja yakaanza kuja. Kupitia kioo cha kantini Vibeke aliwaona wengine wakimtazama, hawana chuki usoni, na hilo ndilo lililomuumiza. Kisha wakainuka, wakavua aproni, wakaenda nyumbani.

Watu wachache hawawezi kuendesha mkanda ule. Haukupita muda msimamizi akauzima, akawaambia waliobaki waende pia. Kwa hiyo Vibeke alirudi nyumbani kabla ya saa sita, siku ile ile aliyoipigania, mtaa mzima umekwenda kazini. Akajilaza kwenye kochi na buti zake, akatazama dari. Usingizi haukuja.

Faini ilikuja kiangazi, kila aliyegoma akatozwa. Wengine hawakumsemesha Vibeke kwa wiki kadhaa, na walipoanza tena kumsemesha ilikuwa kwa upole wa kuogopa kumgusa mtu aliyeungua. Mikkel ndiye aliyevunja ukimya. Alimletea kahawa mezani siku moja, akaketi.

"Baba anasema na yeye ungemwambia vile vile."

"Nilimwambia. Zaidi ya mara moja."

"Akakusikiliza?"

"Hata siku moja," Vibeke alisema, na wote wawili wakatabasamu kidogo.

Vuli ilipoingia aliwaambia hatagombea tena uwakilishi. Hawakumbembeleza, naye alishukuru kwa hilo. Majina mawili yakajitokeza, la Mikkel na la Danuta. Danuta alikuwa hajajitokeza mwenyewe. Vijana ndio walimpendekeza, kwa kuwa, walisema, yeye alikuwa amewapita kuelekea kwenye mkanda siku ile bila kuwaangalia kwa dharau wala kwa kuomba radhi. Akashinda. Mkutano ulipoisha alimfuata Vibeke kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, amechanganyikiwa.

"Mama, Kidenmarki changu chenyewe kinachechemea. Nitazungumzaje na wakubwa?"

"Polepole. Watakusikiliza zaidi. Mimi walinizoea."

"Na wakigoma tena? Itabidi niseme yale maneno?"

"Itabidi."

Danuta aliketi kwenye benchi, akavua buti moja, akabaki ameishika. "Siku ile kwenye basi nilidhani mnacheza," alisema. "Nilidhani watu walioshiba wanalia kwa sababu wamenyang'anywa peremende."

"Tumeshiba, ni kweli."

"Ndiyo. Lakini mnachoka kama watu wengine."

Siku haikurudishwa. Vyama viliahidi, vikasahau, vikaahidi tena, na Preben akaendelea kuwa mbunge. Walipokutana dukani yeye na Vibeke walisalimiana, wakaulizana habari za wajukuu. Vibeke hakumwita tena mheshimiwa. Kumtania mtu kunataka ukaribu, nao ulikuwa umepungua, hakuna aliyeufukuza. Sidsel alipotaka kujua kama warudie ibada ya alfajiri mwaka uliofuata, Vibeke alimshauri aiweke jioni, watu wakitoka kazini, na waandae supu.

Wakaja wengi zaidi, bado na harufu ya sabuni ya machinjio mikononi. Mikkel alikuja na mkewe. Danuta alikaa kando ya Vibeke, akifuata liturujia kwa kidole katika kitabu cha nyimbo. Yalipofika maombi kwa ajili ya wenye madaraka, Danuta aligeuka kumtazama rafiki yake, akitaka kuona kama safari hii ataitikia. Vibeke alikuwa amelala, kidevu kifuani, mdomo wazi kidogo. Mtu wa nyuma akanyoosha mkono amguse bega.

"Muache," Danuta alinong'ona.